Viazi vya Maganda

Ditram hakuwa na mke. Hakuwa na pikipiki, maana ile ya kazini ilikuwa imelala gereji tangu masika. Hakuwa na jiko, ila birika la umeme. Hakuwa na mtu wa kumuuliza jioni kama amekula, wala hakuwa na tumbo la kujaza shati. Mkanda wake aliuongezea tundu la nne kwa msumari. Cheti alikuwa nacho, mhuri alikuwa nao, na watu wa Mikumi walimwita Bwana Afya na kumpisha njia. Lakini hamu ya kula, ambayo hata mbuzi anayo, hakuwa nayo kabisa.

Hamu hiyo haikuondolewa na ugonjwa. Iliondolewa na kazi. Mtu akiingia miaka sita katika majiko ya watu kwa mlango wa nyuma, huacha kuuamini mlango wa mbele. Ditram alikwisha kuona kitambaa kimoja kikifuta meza, kikifuta jasho la mpishi, kisha kikifunika wali. Alikwisha kuona mende akitolewa kwenye mchuzi kwa upawa, na upawa ukarudishwa kwenye mchuzi bila hata kukung'utwa. Kwa hiyo alikula ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha, vitu ambavyo, kama alivyopenda kusema, vimefungwa na Mungu mwenyewe. Na popote alipokwenda alibeba kijiko chake mfukoni, kimeviringishwa ndani ya leso.

Jumanne moja, saa sita mchana, mabasi matatu ya Mbeya yalikuwa yamesimama kwa pamoja stendi ya Mikumi, na abiria wakimwagika kutafuta chakula. Ditram alikuwa ndani ya jiko la Melkizedek, mwenye ukumbi mkubwa wa chipsi. Mbele yake karai lilichemka. Mafuta yalikuwa meusi kama oili iliyomwagwa chini ya lori, na juu yake povu la kahawia lilipasuka na kujikusanya upya. Kijana wa chipsi alijifuta kwapa, akashika viazi kwa mkono uleule.

"Mafuta haya yana umri gani?" Ditram aliuliza.

"Tumebadilisha juzi, mkuu," alijibu Melkizedek, bwana mnene wa shati la maua, huku akifungua soda ya baridi. "Karibu kinywaji. Jua kali."

"Nakupa onyo."

"Onyo nimelipokea kwa mikono miwili."

Lilikuwa onyo la tatu, na soda ya tatu, ambayo Ditram aliinywa amesimama. Ditram alitoka kwa mlango wa nyuma, akaruka mfereji wa maji ya vyombo, maji ya kijani yenye utando, ambamo shingo ya kuku ilikuwa imekwama na nzi wakiigombania. Harufu ilimshika kooni. Akaegemea nguzo.

"Ukitapika hapo, utasafisha mwenyewe," sauti ya kike ilisema.

Aliinua uso. Mbele yake, mbali kidogo na mfereji, palikuwa na kibanda cha mbao kilichopakwa chokaa. Ndani alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, gauni la kitenge cha kijani, kilemba cha njano, aproni nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikashika mikunjo. Kucha zake zilikatwa fupi. Jina lake Tumwagile, na abiria waliojua kula walikuwa wakishuka kwenye basi na kukimbilia kwake moja kwa moja.

"Sitapiki," Ditram alisema.

"Uso wako unasema vingine, kaka. Kaa kwanza."

Hakukaa. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye ubao wa kukatia. "Hivyo viazi humenyi?"

"Simenyi. Nasugua kwa brashi, maji mara tatu."

"Viazi vya maganda! Hicho ni chakula cha nguruwe."

Abiria wawili waliacha kutafuna. Tumwagile aliweka kisu chini taratibu. "Uchafu ni udongo, na udongo nimeutoa. Ganda ni chakula. Huko chuoni kwenu hawakuwaambia tofauti?"

"Unajua unaongea na nani?"

"Naongea na mtu mwenye njaa. Haya, kagua."

Akakagua. Alitazama ndoo ya maji yenye koki, akanusa kitambaa, akafunua sufuria la kunde zilizochemshwa, akapitisha kidole chini ya rafu. Kidole kilirudi kikavu na safi. Jambo hilo lilimuudhi. Wakati anatafuta la kusema, Tumwagile alikuwa ameshaweka kikaango kizito cha chuma juu ya mkaa.

Chakula chake kilikuwa kimoja tu, asubuhi mpaka jioni. Vipande vya kiazi kitamu, kiazi mviringo na boga, vyote ukubwa wa pingili ya kidole, alivikausha kwa kitambaa safi, akavitandaza juu ya chuma kilichokwisha kupata moto, na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Kisha hakuvigusa. Ditram alidhani vinaungua. Lakini alipovigeuza, upande wa chini ulikuwa umeshika ukoko wa dhahabu. Vikafuata vitunguu, karoti, hoho nyekundu, kitunguu saumu, kisha kunde. Mwisho kabisa konzi mbili za matembele, mfuniko dakika moja, ndimu, na karanga za kuponda. Makondakta walikula asubuhi na chai, madereva mchana na parachichi, na jioni walimu waliongezewa yai juu.

Harufu ilikuja bila moshi. Ditram alishtuka kusikia tumbo lake likinguruma. Akatoa leso, akafungua kijiko.

Tumwagile alicheka mpaka akashika mbavu. "Bwana mkubwa unatembea na kijiko kama mtoto wa chekechea!"

"Wewe hujui niliyoyaona."

"Kula. Utanisimulia ukishiba."

Alikula sahani nzima, akakwangua ukoko, na siku ile Ditram hakununua ndizi.

Wiki sita zilipita namna hiyo. Alifika mchana, kisha asubuhi na mchana, kisha mara tatu kwa siku. Mkanda ulirudi tundu la tatu. Alikwisha kumsimulia habari za mende, na simu nazo zikaanza.

"Bwana Mende, umekula?"

"Nimekula kwako saa moja iliyopita, Tumu."

"Najua. Napenda tu kusikia ukisema."

"Na mimi napenda ukiniuliza. Ila hilo jina la mende litoe."

"Nikuite nani? Mheshimiwa Kijiko?"

"Niite mpenzi."

Sauti upande wa pili ikashuka. "Mpenzi wangu mwenye kinyaa. Lala salama."

Onesphory, dereva wa bodaboda aliyekuwa akimbeba Ditram kwenye ukaguzi, alimtania bila huruma. "Mkuu, siku hizi unazidi uzito. Nitaongeza nauli." Alimjua Tumwagile kuliko Ditram alivyomjua. Alijua kwamba ni binti wa Mzee Lupakisyo wa Kilosa, mstaafu wa reli, ambaye baba yake alitoka Tukuyu kuja kufanya kazi ya njia ya treni na hakurudi. Alijua pia kwamba kila Jumapili binti huyo alipeleka kwa baba yake ndoo mbili zenye mifuniko. Ditram hakuuliza kilichomo. Alishika mkono wa Tumwagile stendi, akautazama, mkono safi unaonukia ndimu, akafikiri kwamba hatimaye amepata mkono mmoja duniani anaoweza kula kutoka kwake.

Jumamosi ya wiki ya saba alinunua kitenge, akaamua kumpelekea nyumbani kwake, chumba alichopanga mtaa wa pili kutoka stendi, maana Jumamosi asubuhi kibanda alimwachia msaidizi. Hakupiga simu. Kwa mazoea ya kazi, alizungukia nyuma.

Uani, chini ya paa la makuti, palikuwa na beseni pana. Tumwagile alikuwa amechuchumaa mbele yake, akiimba wimbo wa kwaya nusunusu, mikono yote miwili imezama mpaka viwiko. Ditram alisogea. Ndani ya beseni mabaki ya viazi, makapi ya boga na kunde zilizochacha vilikuwa vikitembea. Funza, maelfu ya funza wanene wa rangi ya maziwa yaliyoganda, walipanda juu ya wenzao, wakadondoka, wakajipenyeza katikati ya vidole vyake kwa mlio mdogo wa majimaji, kama mtu anayetafuna akiwa amefumbua mdomo. Harufu ilikuwa tamu na kali, ya kitu kinachooza kwa furaha. Mmoja alikuwa akipanda mkononi mwake, na Tumwagile akamchomoa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo.

Ditram alitapika juu ya viatu vyake, na juu ya kitenge.

"Ditram! Jamani! Subiri, hawa ni wa..."

Hakusubiri. Kila sahani aliyokula kwa wiki sita ilikuwa imerudi kinywani mwake ikitembea. Alikwenda ofisini, akanawa mara nne, akachukua fomu, mhuri na kufuli, na kabla ya saa sita alikuwa mbele ya kibanda. Mabasi yalikuwa yamesimama. Kwenye nafasi ya sababu aliandika kwa herufi kubwa: FUNZA WENGI JIKONI. Akabandika mlangoni.

Tumwagile alifika mbio, mikono bado imelowa sabuni. Akasoma. Watu walisoma nyuma ya bega lake, na mama mmoja aliyekuwa ameshika sahani akakitema chakula chake chini.

"Jikoni?" Tumwagile aliuliza. "Umeona funza jikoni kwangu?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nyumbani, uani, mtaa wa pili. Niulize swali moja, Ditram. Moja tu. Niulize ni wa nini."

"Usinisogelee na hiyo mikono."

Ng'ambo ya mfereji Melkizedek alikuwa ameegemea mlango wake, kijiti mdomoni. "Hongera, mkuu!" alipaza sauti. "Usafi kwanza!"

Tumwagile alivua aproni, akaikunja mara nne kwa mikunjo yake ileile, akaiweka juu ya mkono wa Ditram. "Jiko langu umelifunga kwa sababu umetapika," alisema, sauti ya chini. "Lile pale unalijua, na hujalifunga kwa sababu lina soda baridi. Mimi wananitia kinyaa funza? Hapana. Funza wanakula kinachooza, wanakimaliza. Unanitia kinyaa wewe."

Akaondoka. Siku ya tatu alihamia kwa baba yake, Kilosa. Alipiga simu mara mbili. Ditram alitazama jina lake likiwaka, akaigeuza simu kifudifudi.

Akarudi kwenye ndizi na mayai. Wiki ya pili, Onesphory alimkuta asubuhi barazani anamenya yai.

"Mkuu, unajua hilo yai limetoka wapi?"

"Dukani."

"Na dukani?"

"Kwa kuku, Onesphory. Sema unachosema."

"Linatoka Kilosa. Trei za duka hilo nazibeba mimi kila Jumatatu kutoka kwa Mzee Lupakisyo. Ana kuku mia mbili. Wanakula nini? Wanakula zile ndoo mbili za Jumapili. Dada Tumu anafuga funza kwa makombo ili mzee asinunue chakula cha kuku. Alifundishwa na wataalamu wa mifugo kwenye mafunzo. Mji mzima unajua. Wewe umekula funza hata kabla hujamjua yeye."

Ditram alilitazama yai, jeupe, laini, linalotetemeka kidogo kwenye vidole vyake. Akalirudisha kwenye sahani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulishauliza? Wewe unafunga kwanza."

Alikwenda ofisini akatoa nakala ya fomu. FUNZA WENGI JIKONI. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umenyooka, wa mtu aliyekwenda shule. Na ulikuwa uongo. Jikoni alikagua siku ya kwanza na kidole kilirudi safi. Tangu siku ile hakuwahi kuona hata nzi mmoja pale ndani. Alikuwa ameshika kalamu ya serikali akaandika kichefuchefu chake kana kwamba ni ushahidi. Akakumbuka zile soda. Tatu, baridi, zenye jasho kwenye chupa. Zote alikunywa. Safari hii alichochukia hakikuwa sahani ya mtu. Kilikuwa ndani ya shati lake mwenyewe, na hakuna sabuni iliyokifikia.

Mchana huo aliingia kwa Melkizedek kwa mlango wa mbele.

"Onyo la nne?" Melkizedek alicheka, mkono ukielekea kwenye friji.

"Zima moto. Wateja wamalizie walichonacho, halafu funga."

"Mkuu, tuongee."

"Tumeongea mara tatu."

Fomu ya kulifunga jiko hilo aliiandika akiwa amesimama juu ya karai lenyewe, akapima mafuta, akataja tarehe za maonyo yote, akaandika pia kwamba mkaguzi alipewa vinywaji na akavinywa.

Ijumaa, Onesphory alimpeleka Kilosa. Walifika nyumba ya bati karibu na njia ya treni, vumbi limewafunika mpaka kope. Mzee Lupakisyo alikuwa kivulini, koti la kaki, anakaza mguu wa kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye kufuli?"

"Ndiye mimi."

"Unaonekana mdogo kuliko sauti ya karatasi yako." Mzee akageuza shingo. "Mwanangu! Mgeni wako amefika. Njoo umfukuze mwenyewe, mimi nina kazi."

Tumwagile alitoka bandani amevaa gauni la bluu lililopauka, kichwa wazi, ndoo mkononi. Alikuwa amekonda. Hakumsalimia.

"Niliandika uongo," Ditram alisema. "Nimekuja kukuambia kabla sijawaambia wao."

"Umejua lini kuwa ni uongo?"

"Nilijua nilipokuwa naandika. Niliogopa kujijua."

Tumwagile akaweka ndoo mbele yake, akaondoa mfuniko. Ndani, chakula kilikuwa kikitembea.

"Kuku hawajala."

"Tumu..."

"Siwezi kuishi na mtu anayeniogopa mikono. Kama huwezi, sema, nitakupa maji ya kunywa na utarudi Mikumi kwa amani. Sina hasira tena. Lakini sitanawa mara nne kwa ajili yako kila siku ya maisha yangu."

Ditram alikunja mikono ya shati. Uso ulimbadilika rangi. Alizamisha mkono. Walikuwa na uvuguvugu. Jambo hilo hakulitegemea. Walimzunguka, wakamkwaruza ngozi, wakaingia chini ya saa. Machozi yalimtoka na kamasi pia, akabana meno, akachota konzi, akatupa. Kuku mia mbili walimvamia. Akachota tena. Konzi ya tano alipiga kelele ndogo, na Onesphory, aliyekuwa ameshika tumbo kwa kicheko langoni, akaenda nyuma ya nyumba kwa heshima.

"Bado kinyaa?" Tumwagile aliuliza.

"Kikubwa mno."

"Vizuri. Usingekuwa nacho ningejua unaigiza. Ukiisha, nawa. Halafu utapika wewe."

Alipika. Alisugua viazi kwa brashi, maji mara tatu. Alikata vipande, vingine kama ngumi, vingine kama kokoto, na Tumwagile akiwa amekaa kwenye gunia akimsimamia.

"Hujavikausha."

"Vitakauka kwenye moto."

"Vitachemka kwenye moto. Kausha. Na uache kukoroga, mpenzi, unavisumbua kama unavyosumbua watu."

Mkono wake ulisimama juu ya kikaango. "Umesema nini?"

"Nimesema uache kukoroga."

Vitunguu viliungua upande mmoja, boga likapondeka, na matembele aliyatia mapema yakawa meusi. Walikula wote wanne kwenye sinia moja, kwa mikono. Vidole vya Ditram viligusana na vya Mzee Lupakisyo, vya fundi, vyenye grisi kwenye mikunjo, na vya Onesphory, ambavyo hakutaka kuvifikiria. Alimeza.

"Kibaya," mzee alisema, akachota tena.

Baada ya kunawa, Ditram aliomba karatasi. Aliandika kwa mkuu wake wa kazi wilayani: kwamba siku fulani alikifunga kibanda cha Tumwagile Lupakisyo kwa sababu isiyo ya kweli, kwamba funza hawakuwa jikoni, kwamba hakumhoji mhusika, kwamba anaomba kibanda kifunguliwe na tangazo la kusahihisha libandikwe mahali palepale, na kwamba yuko tayari kwa hatua yoyote. Akamsomea Tumwagile kwa sauti.

"Wakikufukuza kazi?"

"Nitakuja kukumenyea viazi."

"Hatumenyi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Ditram alimgeukia mzee. "Mzee, nina jambo jingine. Binti yako..."

Mzee Lupakisyo aliinua mkono. "Lina barua yake, na huletwa na mshenga aliyeoga. Maliza kwanza hiyo ya serikali."

"Na mimi nitaijibu," Tumwagile alisema bila kuinua uso, "nikishaona ya kwanza imepokelewa. Nitaijibu vizuri."

Ditram alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki ya mzee. Gundi ilikuwa imekauka siku nyingi. Tumwagile aliinuka, akamega kipande cha ugali wa jana kwenye sufuria, akakitia mdomoni, akakilainisha kwa meno ya mbele, akakitoa, akakipaka ukingoni mwa bahasha kwa kidole. Ditram aliona. Aliona mate, aliona punje, akaona kidole kikienda na kurudi. Aliweka dole gumba lake pembeni ya la Tumwagile, wakabana pamoja mpaka ukingo ukashika.

Onesphory aliiingiza ndani ya jaketi, akavuta zipu mpaka shingoni.

"Nikishawapa pale wilayani, nirudi nikuambie nini?"

"Niambie wamegonga mhuri wa mapokezi," alisema Ditram.

Pikipiki iliwaka, ikavuka njia ya treni, ikaelekea mjini na barua.